Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Mokeira

Kifuniko cha sufuria kiligonga, kikatulia, kikagonga tena. Maji yalikuwa yameanza kuchemka jikoni, na Nyangate, aliyekuwa ameketi mezani kwa taa ya sola, akajua kwamba muda wa kujidanganya umekwisha. Binti yake ameamka. Chai ikishaiva watakunywa, wakishakunywa watashuka mjini, na ukurasa ulio mbele yake bado una mistari minne tu.

Daftari lile lilikuwa la kumi na sita. Kwa miaka mitatu Nyangate alikuwa akiandika habari za ukoo wao: babu aliyefika Manga na ng'ombe wawili na kikohozi, bibi aliyekataa kuvuliwa bangili za miguuni hata mhubiri alipomlilia, na safari zake mwenyewe za ujana. Aliandika kwa Kiswahili chake cha darasa la saba, maana wajukuu wa Nairobi hawakijui Kigusii cha kusoma. Mjukuu wake Cynthia ndiye aliyekuwa akiyapiga chapa kwenye kompyuta, na Ijumaa, kesho kutwa, kitabu kilitakiwa kwenda kuchapwa mjini, ili kila mmoja apate nakala yake ukoo utakapokutana mwisho wa mwaka.

"Magokoro, umebakisha ukurasa mmoja tu," Cynthia alikuwa amemwambia bibi yake kwenye simu. "Ule wa dada yako aliyezama ziwani. Si uandike mistari miwili? Alizama, wakamlilia, basi."

Shida ni kwamba hakuzama.

Mokeira, mdogo wake wa kumfuata, aliondoka nyumbani mwaka wa sabini na mbili na kijana mmoja Mjaluo aliyeitwa Okeyo, aliyekuja Nyakoe na kikosi cha kupima barabara. Baba yao aliapa kwamba akimpata kijana yule atamkata miguu yote miwili aone kama atapima barabara tena. Miezi mitano baadaye habari ikaletwa sokoni: mashua imepinduka ziwani, na mmoja wa waliozama ni msichana wa Kigusii. Mama yao akaacha kula. Nyangate, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa, akatia ndizi mbivu kikapuni akaenda ziwani peke yake, atafute walau nguo ya kuzika. Aliyemkuta Kendu Bay, katika ua mmoja karibu na kituo cha basi, akipepeta mtama, ni Mokeira mwenyewe, mzima, mwenye mimba ya miezi sita.

Alikaa huko siku mbili, na siku hizo mbili alikuwa amekwisha kuziandika, kurasa nne. Aliandika jinsi Okeyo alivyolala nje barazani ili dada hao wawili wapate chumba, na jinsi alivyombebea kikapu kichwani mpaka kituoni, wanawake wakimcheka kwamba sasa ameolewa yeye. Nyangate alikuwa mtu wa kuweka wema wa watu, hata ule mdogo. Kilichomshinda ni ukurasa uliofuata. Kwa maana asubuhi ya kuondoka, Mokeira alimshika mkono akamwambia:

"Baba asijue, atakuja na mapanga. Lakini mama mwambie. Mwambie kwa siri, aje wakati wa kujifungua. Mimi siogopi kitu ila kuzaa bila mama."

Nyangate akaahidi. Alipofika Manga akakuta udongo mbichi kando ya ua. Walikuwa wamechoka kungoja mwili. Walikata shina la mgomba, wakalivika gauni la Mokeira la kanisani, wakalizika, na mama siku hiyo alikuwa amekula uji kwa mara ya kwanza. Nyangate akasema moyoni, kesho nitamwambia. Mama hakuwa mtu wa kuficha furaha; baba angeisoma usoni mwake kabla jua halijatua. Basi kesho ikazaa kesho nyingine. Mwaka uliofuata Nyangate akajifungua msichana, na mama akaja na mkungu wa ndizi, akaupumzisha mlangoni, akapiga magoti. Mzazi akampigia magoti mtoto wake.

"Nipe jina la mwanangu," alisema. "Nipate wa kumwita."

Kwao, jina la mtu halipewi mtoto mpaka mwenyewe awe ameingia ardhini. Kulitoa angali hai ni kumsukuma kaburini kwa mkono wako. Nyangate alilijua hilo. Akalitoa. Na baada ya kulitoa, angemwambia mama nini tena? Mama akafa mwaka wa themanini na nane, bila kujua. Nyangate hakurudi Kendu Bay hata siku moja.

Halafu wiki mbili zilizopita, mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, alipanda kilima cha Manga akiulizia nyumba ya Nyangate. Alisema anaitwa Aketch, anauza nguo mjini Kisii. "Mama yangu yuko kwangu Nyanchwa, anangoja kupasuliwa macho," alisema. "Anasema ana dada huku, kama yu hai. Anataka kumwona."

Siku yenyewe ndiyo hii.

Jikoni sufuria iliteremshwa. Nyangate akainama juu ya daftari, akaandika bila kuinua kalamu, bila kutafuta neno zuri, mpaka ukurasa ukajaa. Kisha akalifunga, akalitia kwenye mfuko wake wa kanisani.

"Mama, umelala kweli wewe?" Binti yake aliingia na vikombe viwili. "Umeoga jana jioni, umeoga tena leo. Huyu rafiki yako wa shule ni wa kike kweli?"

"Kunywa chai, Mwalimu."

"Nauliza tu. Baba angekuwa hai ningemwambia ajihadhari."

Alikuwa na miaka hamsini, mjane, mwalimu wa gredi ya tatu, mcheshi kama marehemu baba yake. Majirani wote walimwita Mwalimu, lakini aliyeanza ni Nyangate, zamani, mtoto alipokuwa akipanga magunzi ya mahindi mstari mmoja na kuyafundisha kuhesabu. Watu walidhani ni mapenzi tu. Hawakujua kwamba Nyangate hakuweza kulitamka jina la mtoto wake, ila pale ilipomlazimu, mbele ya mchungaji au karani. Jina lenyewe lilikuwa Mokeira.

Nyangate alikuwa amemwambia kwamba wanakwenda kumwona rafiki wa shule aliye mgonjwa. Mpango wake ulikuwa rahisi. Mwalimu atamfikisha langoni kwa sababu ya miguu yake, kisha aende zake sokoni. Wao wawili watazungumza. Atamsomea dada yake ukurasa ule kwa sauti yake mwenyewe, na kama ni kufukuzwa, atafukuzwa bila mtoto kuona.

Njia ya Manga ilikuwa na utelezi. Bosire, kijana wa bodaboda, alivua koti lake akapangusa kiti, kisha akalitandika ili bibi asikalie maji. Nyangate akamshukuru mara mbili. Walibadilisha gari Nyakoe, na kufikia saa tatu walikuwa wanapanda mlima wa Nyanchwa kwa miguu, polepole, Mwalimu amemshika kiwiko.

"Basi hapa panatosha," alisema walipofika kwenye lango la bluu. "Wewe nenda sokoni."

"Nikuache langoni kama mzigo? Ngoja wafungue."

Aketch alifungua kabla hawajabisha. "Karibu mama mkubwa! Karibuni! Mama ameuliza saa tangu alfajiri."

"Mama mkubwa?" Mwalimu alinong'ona.

"Ni heshima tu," Nyangate akasema haraka. "Huyu anakwenda sokoni. Ana haraka."

"Aende sokoni bila hata maji ya kunywa? Kwangu?" Aketch alikuwa amekwisha kuuchukua mkoba wa Mwalimu. "Haiwezekani. Sisi hatufukuzi wageni langoni. Ingia, dada, chai iko tayari."

Ulikuwa wema. Nyangate aliuona ulivyo, wema wa kweli.

Chumbani, karibu na dirisha, mwanamke mzee alikaa amenyoosha shingo kuelekea mlangoni. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Uso ulikuwa wa mama yao, kama umetolewa kaburini ukapanguswa.

"Ni wewe?" aliuliza kwa Kigusii, kisha akarudi kwenye Kiswahili, kama mtu aliyejaribu kiatu cha zamani akakiona kinabana. "Lete mkono."

Nyangate akampa. Vidole vya yule mzee vikatembea kiganjani mpaka vikafikia kidole gumba, kwenye kovu lililopinda. "Hili ni jembe langu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Tulikuwa tunapalilia viazi. Ulimwambia mama umejikata mwenyewe. Uliniokoa na kiboko. Dada, kumbe uko hai!"

"Niko hai."

"Na nyuma yako kuna nani? Nasikia mtu anapumua."

"Ni binti yangu. Mwalimu."

"Mwalimu ni kazi." Alimgeukia mgeni, akitabasamu. "Mwanangu, una jina?"

Nyangate alifungua mdomo. Hakuwahi.

"Naitwa Mokeira, mama," binti yake akajibu kwa adabu.

Aketch, aliyekuwa anamimina chai, akasimamisha birika hewani.

"Mokeira wa nani?" yule mzee aliuliza. Tabasamu lilikuwa lingali usoni, lakini halikuwa na mwenyewe tena.

"Wa dada ya mama. Alizama ziwani kabla sijazaliwa, mwili haukupatikana. Bibi yangu ndiye aliyeniombea jina." Mwalimu alilisema kama alivyolisema maisha yake yote, bila uzito, kama mtu anavyotaja alikozaliwa. Kisha akaona nyuso. "Mama? Nimesema nini?"

Mkono ulioshika kovu ulijiondoa taratibu.

"Kumbe nilizama," yule mzee akasema. "Aketch, umesikia? Mama yako alizama. Mna mzimu kwenye kiti."

"Mama, tulia."

"Nimetulia. Waliokufa wametulia." Akageuza uso wake wenye ukungu kuelekea alipo Nyangate. "Nililala na wewe kitanda kimoja, siku mbili. Uliushika mguu wa mtoto ukipiga tumboni mwangu. Halafu ukaenda ukalitoa jina langu? Mama alijua niko hai akalipokea? Nijibu, Nyangate. Mama alijua?"

Nyangate akafungua mfuko. Akatoa daftari. "Nimeandika," akasema.

"Mimi sioni."

"Nitakusomea." Lakini hata kwa miwani herufi zikawa sisimizi. Alijaribu mara moja, mara mbili. Binti yake akanyoosha mkono akalichukua daftari, kwa upole, kama alivyozoea kuchukua madaftari ya watoto walioshindwa.

"Usisome wewe," Nyangate akasema.

"Asome," dada yake akasema. "Ana jina langu, ana haki."

Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani, akisimama kwenye kila nukta.

"'Dada yangu Mokeira hakuzama. Nilimwona kwa macho yangu Kendu Bay mwaka wa sabini na tatu, mzima, na mimba. Alinituma kwa mama. Alisema mama aje wakati wa kujifungua. Sikumwambia mama. Niliogopa baba, halafu nikaogopa mama mwenyewe, halafu nikaogopa siku zilivyozidi kupita. Mama alipopiga magoti kuniomba jina, nilimpa huku najua. Mama hakukataa kwenda kwa mwanawe. Hakujua kama ana mwana wa kumwendea. Alikufa akimlilia. Kosa ni...'"

Sauti ya darasani ikakatika.

"Malizia," Nyangate akasema.

"'Kosa ni langu mimi Nyangate, na aliyelibeba ni binti yangu, ambaye hajui.'"

Nje, kwenye shule ya jirani, fundi alikuwa akipigilia bati.

"Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Oyugi," yule mzee akaanza, polepole. "Kila basi la Kisii likisimama, nilitoka na tumbo langu kuangalia. Okeyo alikuwa ananiambia, kaa chini, nitaenda mimi. Anaenda, anarudi, anatikisa kichwa. Nilizaa mama hayuko. Mtoto akaishi miezi mitatu. Nikasema, mama amenilaani. Nikazaa wengine watano na kila mmoja nikimpokea namtukana mama yangu moyoni. Wakati anakufa, nilikuwa sijui anakufa, lakini ningejua, nisingelia." Alipumua. "Nimemchukia mama miaka hamsini. Hana kosa. Na wewe ulikuwa unakula mezani pake."

"Ndiyo," Nyangate akasema.

"Basi toka nje."

Nyangate akainuka. Mwalimu hakumtazama. Alitoka akishika ukuta, akakaa kwenye ngazi ya saruji. Aketch alitoka nyuma yake na kigoda na leso, akamfunika magoti.

"Saruji ni baridi, mama mkubwa," akasema. Akarudi ndani.

Nyangate aliketi. Alisikia sauti ndani, ya mmoja, kisha ya mwingine, lakini maneno hayakumfikia. Alidhani amesikia binti yake analia. Aliona miaka hamsini ya kumwita mtoto kwa jina la kazi badala ya jina lake, na akaona kwamba amewapoteza wawili kwa ukurasa mmoja. Lakini lile daftari hakulijutia, na jambo hilo lilimshangaza. Kama angeandika kwamba alizama, leo wangekuwa wanakunywa chai. Chai ya aina gani, hakujua.

Muda mrefu ulipita. Mlango ukafunguka.

"Anakuita," Mwalimu akasema. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu..."

"Mimi na wewe tutaongea nyumbani, mama. Tutaongea sana. Sasa hivi anakuita."

Ndani, yule mzee alikuwa na daftari mapajani, mikono juu yake, kana kwamba anasoma kwa viganja. "Nimemwambia alisome lote la Kendu Bay," akasema. "Umeandika nilikuwa napepeta mtama."

"Ulikuwa unapepeta."

"Nilikuwa nachambua omena, vile vidagaa vya ziwani! Wewe ukaziba pua. Okeyo alikuchinjia kuku kwa sababu ulikataa omena. Kama unaandika, andika."

"Nitarekebisha."

"Na mama. Umemwandika mahali amepiga magoti. Goti la kushoto lilikuwa bovu tangu mimi mdogo. Alipigaje magoti?"

Nyangate aliona mlango ule, mkungu ule. "Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja," akasema. "Akashuka na la kulia kwanza. Nilitaka kumwinua akakataa. Alisema, niache, nikiinuka bila jina sitaweza kufika nyumbani."

Hapo dada yake akalia. Alilia wazi, mdomo wazi, kama watoto, na Aketch akamshika kichwa. Nyangate hakusogea. Hakujua kama ameruhusiwa.

"Alinipenda basi," yule mzee akasema mwishowe.

"Alikupenda kuliko mimi. Kila mtu alijua."

"Hilo pia hukuandika." Alijipangusa kwa ncha ya kitambaa. "Sikiliza. Sijakusamehe. Usije ukaandika kwamba nimesamehe, tukakumbatiana, watu wa kanisani wakaimba."

"Sitaandika."

"Huko ziwani waliniita Margret. Okeyo tu ndiye aliyekuwa ananiita Mokeira, na Okeyo ameshakwenda. Nimemuuliza huyu binti yako kama jina linambana. Anasema hajui lingine. Basi akae nalo, sijamwambia alivue. Lakini hicho kitabu kiseme mama hakujua. Watoto wangu wamelelewa wakijua bibi yao alikuwa na roho ya jiwe. Nataka wasome."

"Kinachapwa Ijumaa," Nyangate akasema.

"Kinachapwaje na omena hazimo? Wangoje." Alilinyoosha daftari katika giza la macho yake, na Nyangate akalipokea. Kwa kitambo wote wawili walilishika, huyu upande huu na yule upande ule. "Ijumaa napelekwa kwa daktari wa macho. Jumamosi ni Sabato, sitoki. Jumapili nitakuwa hapa, na Aketch atakuwa dukani, nyumba kimya. Nenda ukaandike upya, na uandike kwa herufi kubwa, kwa sababu nikifunguliwa jicho nitahakikisha mwenyewe."

Alitafuta hewani kwa mkono mpaka akagusa mkono wa gauni la dada yake, akaushika kidogo, kwa vidole viwili.

"Uje Jumapili, Nyangate. Uje na huyu Mokeira. Asubuhi."